Mkono wa Chiriku

Mkono wa Chiriku ulikalishwa juu ya mto wa hariri. Chiriku mwenyewe alikaa sakafuni. Ndivyo Bibi Mkubwa alivyopanga, na katika nyumba ile jambo likishapangwa na Bibi Mkubwa hata paka alilifuata. Mkono ule wa kushoto ulikuwa mgeni wa heshima. Umefunikwa kikombe kidogo cha bati kilichotobolewa matundu, kimefungwa kwa utepe usiobana, unafukuziwa nzi, unajuliwa hali asubuhi na jioni. Mtoto aliyeubeba alikuwa kama hamali wake tu. Akitaka kukimbia, "Mkono!" Akitaka kulala kifudifudi, "Mkono!" Siku moja mama yake alimuuliza kama ana njaa, akajibu, "Mimi ninayo. Huyu sijui, muulize mwenyewe."

Mama yake alikuwa Yaya. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, lakini lilikuwa limekaa bila kazi miaka mingi, hata mumewe, mwendesha magari ya pamba ya kwenda bandarini, alikuwa akijisahau na kumwita Yaya. Aliingia nyumba ile siku mke wa Bwana Mdogo alipokufa kwa homa ya uzazi, akaacha kichanga cha kiume kinalia njaa. Yaya alikuwa na Chiriku kwenye titi moja. Akampa yule mwingine titi la pili. Alipomtazama vizuri, mviringo, mweupe, kichwa hakina unywele, akasema, "Jamani, mmenipa kiazi." Jina likamganda. Hata baba yake alimwita Kiazi.

Huyo baba yake, Bwana Mdogo, alikuwa na mvi ndevuni na ndiye aliyeendesha kinu cha kuchambua pamba. Lakini mama yake alikuwa hai, na mama yake akiwa hai yeye angebaki mdogo mpaka meno yamdondoke.

Basi ndui ikaingia. Ilianzia safu ya mwisho ya kambi ya kinu, kwa mpakiaji wa marobota. Watu walidhani ni homa ya kawaida, mpaka uso ulipomtoka vipele vigumu vilivyosongamana hata kope hazikufunguka. Alipozikwa, majirani zake walikuwa tayari wamelala wanaugua. Kinu kikazimwa. Njia ya bandarini ikafungwa, na mume wa Yaya akanasa huko huko. Habari zilipopanda kilimani kwenye nyumba kubwa, Bibi Mkubwa alichukua funguo akafunga mageti kwa mkono wake.

"Walio ndani, ndani," akasema. "Walio nje, nje."

Yaya na Chiriku walikuwa ndani. Aliyekuwa nje ni Kitinda, mwanawe wa mwisho, anayenyonya bado. Kila asubuhi Yaya alimwacha kambini kwa shoga yake, mke wa fundi wa kinu, naye akimwendea adhuhuri. Adhuhuri ile geti halikufunguka.

"Bibi Mkubwa, mtoto ananyonya."

"Huyo rafiki yako si ana mtoto mchanga? Basi ana maziwa. Atakaa huko huko."

Ikawa hivyo. Yaya matiti yakimjaa alikwenda chumba cha kufulia, akakamulia kwenye karai, akamwaga, akafungua bomba lipige kelele ili akilia asisikike.

Yule shoga yake watu walimwita Kicheko, na si bure. Kila mchana alipanda mpaka kwenye uzio, akasimama mbali, akapaza sauti: "Wee mwanamke! Mwanao ananinyonya kama ndama! Akimaliza maziwa atanila na mimi!" Kisha anacheka mpaka mlinzi naye anacheka. Yaya alikuwa akiishi kwa kicheko kile. Siku kilipokosekana, alijua kabla hajaambiwa.

"Mtoto wa mlango wa pili ametoka vipele," Kicheko akasema siku hiyo. "Wako mzima. Wangu mzima. Lakini, shoga, ni mlango wa pili."

Dawa ilikuwapo, ila ilikuwa mwilini mwa Chiriku.

Mchanjaji ndiye aliyeileta. Alikuwa mtu mzima, mrefu, uso una vishimo kama sufuria iliyogongwa nyundo, maana ndui ilimpitia utotoni ikamwacha, na kwa kuwa haimpati mtu mara mbili, yeye peke yake alipitishwa getini. Barafu haikuwapo nchi ile ya ndani, na dawa ikitiwa kwenye vichupa joto liliiua njiani. Kwa hiyo alitembea nayo katika mikono ya watoto. Unamchanja mmoja, unangoja kama wiki, malengelenge yanajaa maji maangavu. Maji hayo unamchanjia mwingine, na huyo naye anaiva, mkono kwa mkono, nchi mpaka nchi. Alipofika pale alikuwa na yatima mmoja ambaye lengelenge lake lilikuwa limebaki tone. Tone moja, mkono mmoja. Akaomba mtoto mzima, ambaye hajachanjwa, atakayelala mahali pasipo ugonjwa. Bwana Mdogo akamtazama Yaya, Yaya akamtazama Chiriku.

Wakapatana barazani: mkono ukiiva, ataanza Kiazi na baba yake, kisha watoto wote wa kambi, Kitinda akiwemo. Chiriku akachanjwa mara tatu chini ya bega. Alipiga kelele hata yatima akamcheka.

Bibi Mkubwa alisikiliza mapatano yale, hakusema neno. Watu wakadhani amekubali. Kumbe alikuwa ameshaagiza kutoka bandarini vichupa vya chanjo itokayo kwa ndama, si kwa mtu.

Vilifika kabla mkono haujaiva, vimebebwa na askari wa barabara, ndani ya sanduku lenye nyasi. Mchanjaji alifungua kimoja barazani, akakigeuzageuza.

"Nta ya kizibo imeyeyuka ikaganda tena," akasema. "Hivi vilikaa juani."

"Vimekufa?" akauliza Bibi Mkubwa.

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijui kweli, Bibi Mkubwa. Labda vimekufa, labda vina uhai kidogo. Nitavitia ukitaka, havitamdhuru mtoto. Lakini mkono wa Chiriku ukiiva tumchanje tena."

Akamchanja Kiazi kwa vichupa, akamchanja Bwana Mdogo. Kiazi alilia sana, akampa Yaya lawama zote.

Siku tatu baadaye mkono ukaiva. Mchanjaji alinyanyua kikombe cha bati pale baraza ya kufulia, na hata yeye aliyezoea akatabasamu. Lengelenge moja lilikuwa limepasuka Chiriku akiwa usingizini, lakini mawili yalisimama imara, maangavu kama shanga za kioo.

"Leo," akasema. "Leo na kesho asubuhi. Baada ya hapo maji yanageuka usaha, na usaha hauchanji mtu. Nipeni mtoto nishuke naye kambini sasa hivi."

Bibi Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni, funguo zinaning'inia kiunoni. "Tutangoja kwanza tuone vichupa vyangu vimeshika au havikushika."

"Kuona hilo kunataka siku, Bibi Mkubwa."

"Siku ninazo."

"Mkono hauna."

"Nisikilize, Mchanjaji. Vichupa vikishika, mkono huu utakwenda kambini wote, sitaki hata tone. Visiposhika, itabidi nifikiri upya. Kwa hiyo sasa hautoki. Ni akiba."

Hapo ndipo ilipokuwa shida yote, na lazima ieleweke, maana mama yule hakuwa mpumbavu wala katili. Nyumba ile ilijengwa kwa akiba. Marehemu Bwana Mkubwa alifika nchi ile na mke kijana na masanduku, na kila lililowapata, njaa, nzige, homa, walilivuka kwa sababu mke wake alikuwa na stoo na stoo ilikuwa na kufuli. Kwinini ilikuwapo kwa jirani siku za kawaida. Siku mbaya ilipatikana stoo kwake peke yake. Sukari, mishumaa, bandeji, vyote vilingoja. Akiona kitu cha thamani mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye funguo. Sasa akaona lengelenge la chanjo akalifungia kama unga. Hakuna aliyeweza kumtia akilini kwamba hiki ni kitu kinachokufa kikiwekwa.

Yaya akamfuata ndani. Walikutana ukumbini, kwenye ule ukuta wa picha ambao hakuna mtumishi aliyeruhusiwa kuufuta vumbi.

"Bibi Mkubwa, nakuomba. Mwanangu yuko mlango wa pili na ugonjwa."

Bibi Mkubwa hakugeuka. Alikuwa anafuta fremu kwa pindo la shali yake. Ndani ya fremu watoto wawili wa kiume, mashati yanayofanana, nywele zimechanwa kwa maji.

"Huyu alikuwa anaimba siku nzima mpaka unamfukuza," akasema. "Huyu alikuwa na kigugumizi. Mume wangu aliwachanja. Maji yalitoka kwa mtoto wa mbeba maji wetu, mtoto safi, nilimwogesha mwenyewe. Mikono yao ikavimba mpaka shingoni, ikawa rangi ya bilinganya. Niliwaosha maiti wote wawili katika wiki moja. Yule wa mbeba maji hakupata hata homa. Alikua hapa hapa, akaoa hapa hapa, na kila asubuhi alinisalimia, 'Shikamoo Bibi.' Unajua ilikuwaje kuitikia salamu ile?"

Yaya akatazama ule ukuta. Binti wa kifaduro. Shemeji wawili wa malaria. Bwana Mkubwa mwenyewe, homa ya matumbo. Mke wa Bwana Mdogo, anacheka. Pale ukutani hapakuwa na hata mmoja aliyekufa kwa uzee.

"Nilipozaa huyu wa mwisho niliapa," Bibi Mkubwa akaendelea. "Hakuna kitu cha mwili wa mtu mwingine kitakachoingia kwenye damu ya familia hii tena."

"Na maziwa je?"

"Maziwa gani?"

"Kiazi alikua kwa nini, Bibi Mkubwa? Nilimtia nini kinywani mwaka mzima na nusu, uji wa stoo? Kama mwili wangu una sumu, ameshainywa na amenenepa nayo."

Kwa dakika nzima mama yule alimkazia macho, na Yaya akadhani atapigwa kofi. Badala yake mzee akarudia kufuta fremu.

"Maziwa ni maziwa," akasema. "Damu ni damu. Rudi kwa mtoto, asije akaugonga huo mkono."

Mchana Kicheko alikuja kwenye uzio. Hakukaa. "Mlango wa pili wamezika," alisema tu, na akashuka mbio, mikono imejikumbatia.

Yaya akaenda moja kwa moja kwa Bwana Mdogo. Alimkuta stoo, anahesabu magunia matupu ya pamba ambayo hayakuhitaji kuhesabiwa. Vumbi la pamba lilikuwa limemkaa kwenye nyusi, akaonekana mzee kuliko mama yake.

"Mpatano ulikuwa wako, Bwana Mdogo. Ulisema mbele ya watu."

"Nilisema, Yaya. Najua nilisema."

"Basi chukua ufunguo."

"Hujui alivyo? Nikimnyang'anya funguo atakufa kwa uchungu."

"Hatakufa. Wanaokufa nimeshaambiwa ni nani."

Akaweka gunia chini. Akakunja mkono wa shati akatazama pale alipochanjwa kwa vichupa. Hapakuwa na kitu, mkwaruzo tu kama wa paka. "Nipe mpaka kesho asubuhi. Kesho asubuhi nitaongea naye. Mchanjaji si amesema kesho asubuhi bado inafaa?"

"Amesema."

"Basi, kesho. Nakuahidi kwa jina la mwanangu."

Yaya angeweza kukataa. Angeweza kumbeba Chiriku saa ile ile, mchana kweupe. Lakini miaka yote hiyo ya kuitikia "ndiyo, Bwana" ilikuwa imemkaa magotini, na isitoshe Kiazi alikuwa amejilaza mlangoni pa chumba, kichwa juu ya mguu wa Chiriku, wanafundishana matusi ya kambini. Akitoka, yule atabaki na nani? Akajipa moyo: kesho.

Asubuhi Bwana Mdogo aliongea na mama yake. Yaya alisikiliza nyuma ya mlango wa chumba cha kulia. Alisikia kijiko kinazungushwa kikombeni, kinazungushwa, kinazungushwa. Alisikia "Mama, nilikuwa nafikiri kwamba labda…" Alisikia kijiko kinasimama. Halafu akasikia "Sawa, Mama. Tungoje mpaka jioni."

Hakungoja kusikia zaidi. Alikwenda chumbani, akanyanyua kikombe cha bati. Zile shanga mbili hazikuwa za kioo tena. Lengelenge moja lilikuwa na ukungu katikati, kama jicho la samaki aliyelala sokoni. La pili lilikuwa bado jangavu, ila pembeni wekundu ulianza kutambaa.

"Vaa," akamwambia Chiriku.

"Tunakwenda wapi? Na mkono?"

"Na mkono."

Bibi Mkubwa aliwakuta kwenye mlango wa kufulia unaotokea nje ya uzio, komeo limeshafunguliwa. Mzee yule alikuwa mwepesi kuliko umri wake. Akamshika Chiriku mkono wa kulia. Yaya akamshika kiunoni. Wakasimama hivyo, wanawake wawili na mtoto katikati, na hakuna aliyethubutu kuvuta, maana wote wawili waliogopa kitu kimoja: lengelenge lisije likapasuka.

"Mwache, Yaya. Ni akiba ya mjukuu wangu."

"Inakufa, Bibi Mkubwa. Njoo utazame mwenyewe. Inakufa mkononi mwako."

"Nimewazika wangapi, wewe? Unajua nimewazika wangapi?"

"Najua. Niache nisianze wa kwangu."

"Bibi," akasema Chiriku kwa upole, kama mtu anayemsaidia mkubwa, "unaniumiza mkono ule mwingine."

Vidole vya Bibi Mkubwa vikalegea. Pengine hakukusudia. Alivitazama kama si vyake. "Ukitoka hurudi," akasema. "Atakayetoka leo harudi. Hata awe nani."

Bwana Mdogo alikuwa ametokea nyuma yake, leso ya mezani bado imo shingoni, na Kiazi amemshika suruali.

"Yaya! Na mimi nakwenda!" Kiazi akapiga kelele.

"Mlete," Yaya akamwambia baba yake. "Mlete mwanao, sasa hivi, twende wote. Atakuwa wa kwanza kama tulivyopatana. Bwana Mdogo, mlete!"

Bwana Mdogo akamtazama mama yake.

Yaya hakuona zaidi, alikuwa ameshageuka. Alimbeba Chiriku mgongoni, mkono wa kushoto umeinuliwa juu kama bendera, akateremka njia iliyomwagwa chokaa, akapita kinu kilichonyamaza, marobota yamelala nje yanaota ukungu, mpaka kambini. Mlinzi wa uzio alimwona akitoka. Akageuka upande wa pili akajikuna.

Mchanjaji, aliyekuwa amelala kambini, aliweka meza uwanjani mbele ya nyumba za safu ya kwanza. Alipofungua kikombe cha bati tabasamu halikutoka.

"Jana mkono huu ungewachanja wote hawa na ningebakiwa," akasema. "Leo hili moja limekwisha. Tunalo moja. Haraka, na msiniulize wangapi, sijui."

Kicheko alikuwa amewahi mbele, Kitinda mikononi, maana alipoona vumbi la chokaa likipanda njiani alijua. Hakusema utani. Alimkabidhi Yaya mtoto, na Yaya akamnusa shingoni kama mnyama anavyomnusa wake. Alikuwa na joto. Si joto kali. Joto.

"Tangu jana jioni," akasema Kicheko. "Sikutaka kukuambia kwa kupiga kelele."

Mchanjaji akamgusa mtoto paji la uso. "Inaweza kuwa meno. Inaweza kuwa ndui yenyewe. Tutaitia chanjo, ikimbizane na ndui humo ndani, tuone mwenye mbio." Akatia sindano kwenye lengelenge la Chiriku, akamkwaruza Kitinda. Mtoto akalia, na lile lilikuwa jambo zuri kusikia.

"Na wako?" Yaya akamuuliza Kicheko.

"Amelala. Nilikuwa na mikono miwili tu, na huyu alikuwa wa kuwahi." Akakimbia kumleta. Aliporudi foleni ilikuwa ndefu. Akajipanga mwisho, binti yake begani anapiga miayo.

Foleni ikasogea. Chiriku alikuwa amekaa juu ya meza, anauma pindo la gauni lake, machozi yanamtiririka kimya, mama yake amemshikilia. Kila mtoto alipita na tone lake. Mchanjaji alikuwa anapunguza: tone, nusu tone, unyevu wa ncha. Mama wengine walihesabu vichwa vilivyo mbele yao kwa macho, midomo inacheza.

Ndipo Bwana Mdogo alipofika. Alikuja mbio, leso bado imo shingoni, Kiazi begani. Alikwenda moja kwa moja mezani.

"Hakuna kitu," akasema akitweta, akamkunja Kiazi mkono wa shati. "Tazama. Safi. Vichupa vilikuwa vimekufa. Mama ameliona mwenyewe kwenye mwanga wa dirisha, na bado anasema tungoje. Mchanjaji, mchanje. Tulipatana yeye ni wa kwanza."

Mchanjaji hakuinua macho. "Mpatano ulikuwa wa jana," akasema. "Leo mkono ni wa mtoto, na mtoto ni wa mama yake. Muulize huyo."

Wote wakamgeukia Yaya.

Neno moja lingetosha. Hata neno halikuhitajika, angeinua kidevu tu. Kiazi alikuwa anamtazama kutoka begani kwa baba yake, ana furaha ya kumwona, amevaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia na cha kulia mguu wa kushoto. Yaya alijua harufu ya kichwa kile kuliko alivyojua ya Kitinda. Akatazama foleni. Mwisho wa foleni alikuwa Kicheko. Mbele ya gauni lake palikuwa pamelowa maziwa, maziwa ya watoto wawili, na macho ya Kicheko hayakumwomba kitu. Yalikuwa yametazama chini. Angemwomba, Yaya angeweza kumkatalia.

Yaya hakusema neno.

"Yaya?" akasema Bwana Mdogo.

"Foleni inaishia kule," mwanamke mmoja akasema, si kwa ukali.

Bwana Mdogo, ambaye katika maisha yake hakuwahi kusimama nyuma ya mtu, akaenda akasimama nyuma ya Kicheko. Foleni ikasogea. Mchanjaji akaanza kuminya. Chiriku sasa alipiga kelele wazi, "Mama, mwambie aache, mwambie limekwisha!" na Yaya akamkaza, akamkaza mwanawe mwenyewe kwa nguvu zote, huku moyoni akihesabu: mmoja, bado watatu, bado wawili. Alikuwa anaomba mambo mawili kwa pumzi moja, na yote mawili hayakuweza kuwa.

Ikafika zamu ya Kicheko. Mchanjaji akageuza sindano, akachota pembeni kabisa ya ngozi iliyonywea. Ncha ikang'aa kidogo. Akamkwaruza binti wa Kicheko.

Kisha akarudisha sindano mkononi mwa Chiriku, na kilichotoka kilikuwa chekundu.

"Imekwisha."

"Minya tena," akasema Bwana Mdogo.

"Hiyo ni damu."

"Mtie hiyo hiyo damu!"

"Damu haina chanjo. Ina kuvimba tu." Akafuta sindano. "Hawa niliowachanja leo wataiva baada ya wiki moja. Mlete wakati huo. Mpaka hapo mrudishe nyumbani, asikae hapa, hapa ndipo ugonjwa ulipo."

Bwana Mdogo alicheka, kicheko kibaya. "Nyumbani wapi? Nilisikia komeo nyuma yangu kabla sijafika kinuni." Akamgeukia Yaya. Sauti yake haikuwa ya bwana tena, ilikuwa ya mtu tu. "Ungesema neno moja."

"Na wewe jana ungesema lako," akasema Yaya.

Akaketi pale pale vumbini, mtu mzima yule, akajifunika uso kwa leso ya mezani.

Kicheko akawa wa kwanza kujisogeza. "Chumba cha pamba hakijalaliwa na mgonjwa," akasema. "Watakaa huko. Nitawaletea mkeka." Hapakuwa na aliyempinga. Hapakuwa pia na aliyeuliza kama wiki moja itafika.

Watu wakatawanyika. Kitinda alikuwa amelala begani kwa mama yake, joto lake linapenya nguo, na Yaya hakujua ni meno au ni yenyewe. Asingejua mpaka siku zipite. Chiriku alikuwa anapuliza mkono wake uliobaki ngozi tupu, ameukasirikia kama mtu aliyekosana naye.

Kiazi peke yake alibaki mezani. Alikuwa amewatazama watoto wote, mmoja mmoja, wakichanjwa na kusifiwa. Akajikunja shati mwenyewe, kwa shida, akamnyoshea Mchanjaji mkono.

"Na mimi?"

Mchanjaji akamtazama Yaya. Yaya akatazama chini. Yule mzee akachukua sindano kavu, iliyofutwa, akamkwaruza Kiazi kwa upole chini ya bega, mara tatu, kama alivyowafanyia wengine.

Kiazi akakimbia kwa Yaya, mkono ameuinua juu.

"Yaya, tazama! Chiriku alilia. Mimi sikulia!"

"Hukulia," akasema Yaya. "Nimeona."